Usaili wa pantomaimu: kumpima mwigizaji wakati hadhira haipo

Vijiji na vitongoji vingi vya Uingereza vina ukumbi wa jumuiya ambao katikati ya wiki hufanyiwa mazoezi ya viungo na mwisho wa wiki hufanyiwa minada ya hisani. Majira ya kiangazi yakiisha, mlangoni hubandikwa tangazo la usaili wa pantomaimu, igizo la hadithi lenye nyimbo na mizaha. Inaitwa ya Krismasi, ingawa vikundi vingi vya ridhaa huipandisha jukwaani Januari, sikukuu zikishapita na watu wakisharudi majumbani mwao. Wanaojitokeza ni walimu, wauguzi, mafundi bomba, wastaafu na wanafunzi. Hawalipwi, wao ndio hulipa ada ya uanachama ili wapate kuigiza.

Ninachotaka kukichambua ni namna mwongozaji anavyoweza, kwa jioni moja au mbili, kujua nani anafaa. Kwenye tamthilia ya kawaida jambo hili si gumu sana. Unampa mtu ukurasa, unampa mwenzake wa kusoma naye, unasikiliza. Pantomaimu imeandikwa kwa namna nyingine, kwa sababu mhusika wake mkubwa kuliko wote hafiki kwenye usaili: hadhira. Watoto na wazazi wao huzomea, huonya, hubishana na walio jukwaani, na skripti huwaachia nafasi waziwazi. Aliyekulia kwenye “Paukwa!” na “Pakawa!” hahitaji kuelezwa, msimulizi hasogei mpaka ajibiwe. Sasa mchukue msimulizi huyo umpime kwenye chumba kisicho na wa kumjibu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. John Rich, aliyeipa sanaa hii umaarufu London katika miaka ya 1710 na kuendelea, alicheza mhusika Harlequin bila kusema neno. Kila kitu kilikuwa mwili. Mwanzoni mwa karne ya 19 mchekeshaji Joseph Grimaldi alikuwa na wimbo ambao alikuwa akifika mahali fulani anaacha neno moja, jina la pombe kali, na ukumbi mzima unalimalizia kwa kelele. Kisha Sheria ya Michezo ya Kuigiza ya 1843 ikaondoa ukiritimba wa kumbi chache zilizokuwa na kibali cha kuigiza tamthilia za maneno, na mizaha ya maneno ikafurika. Miaka ya 1880 Augustus Harris, aliyeendesha ukumbi wa Drury Lane, aliwaingiza nyota wa kumbi za muziki, akiwemo Dan Leno, watu waliozoea kusemezana na mteja aliyeketi na glasi yake mkononi. Sifa hiyo ya Leno ndiyo jopo la kijijini linayoitafuta leo, chini ya taa nyeupe za ukumbi wa jumuiya, kwa fundi bomba ambaye ametoka kazini moja kwa moja.

Kwanza lakini kuna fomu. Ukiwa nje unaweza kudhani jopo huanza na kipaji. Jopo lenye uzoefu huanza na tarehe. Mazoezi ni mara mbili kwa wiki au zaidi, Jumapili huongezeka onyesho likikaribia, na vikundi vya aina hii kwa kawaida havina mwigizaji wa akiba. Anayeandika kwamba Novemba nzima yuko safarini ameshajiondoa kwenye nafasi kubwa, hata kama sauti yake inatoa machozi. Chini kabisa huwa kuna swali jingine: ukikosa nafasi uliyoiomba, utakubali nyingine? Utaimba kwenye kundi? Utasukuma mandhari nyuma ya pazia? Sijui sehemu nyingine ya usaili inayoamua mambo mengi kama kisanduku hicho kidogo, na ndicho watu hukijaza kwa haraka kuliko vyote.

Tuje kwenye kusoma. Tuseme hadithi ni ya Jack na mharagwe uliopaa hadi mawinguni. Kipande ambacho mimi ningemwekea msailiwa yeyote ni kile cha benchi na mzuka, ambacho hupachikwa karibu kwenye hadithi yoyote. Watu watatu, akiwemo mama yake Jack, wameketi kwenye benchi msituni usiku, wanaimba ili kujipa moyo. Mzuka unatokea nyuma yao. Watoto wanapiga kelele kwamba uko nyuma. Mmoja anauliza, wapi? Wote wanageukia upande huu, mzuka unazungukia ule. Hawaoni kitu, wanaketi, wanaimba tena. Mzuka unamgusa wa mwisho begani, anageuka, anauona, anatimua mbio, na wenzake hawana habari. Inakwenda hivyo mpaka anabaki mama yake Jack peke yake. Mzuka unamtazama usoni, na safari hii unaokimbia ni mzuka.

Kwenye karatasi, kipande hicho ni maneno machache mno: nini, wapi, mbona sioni. Msomaji hodari wa tamthilia huyamaliza chini ya dakika moja na kuona amefanya vizuri. Jukwaani kelele za watoto zina umbo lake. Huanza kwenye viti viwili vitatu, hupanda, wakubwa hujiunga, hufika kileleni, kisha hushuka na kugeuka kicheko. Mwigizaji anayejibu wakati kelele inapanda, neno lake linamezwa, na watoto wanajifunza kwamba kupiga kwao kelele hakuna kazi. Anayesubiri mpaka kimya kitande, jambo limeshapoa. Pa kuingilia ni pale kelele inapoanza tu kushuka. Kwa hiyo mwongozaji makini hasikilizi sana anavyolitamka “wapi?”, anatazama anachokifanya kabla yake. Je, ameacha nafasi? Na ndani ya nafasi hiyo, ametega sikio, amewatupia macho watu wa mbele, amemuuliza mwenzake kwa nyusi? Au ameuruka ule mstari wa mabano unaosema watoto wanapiga kelele, kana kwamba ni maelekezo ya fundi wa taa?

Njia rahisi ya kuziba pengo hili ni kuwaketisha wasailiwa wanaosubiri zamu wawe ndiyo hadhira. Ina faida kubwa na ubaya wake haufichiki. Mwanachama wa miaka mingi huchekewa kabla hajafungua mdomo. Mgeni aliyehamia mjini mwezi uliopita hukutana na nyuso zilizopoa. Dawa ni kuichezea ile hadhira ya muda: mwongozaji anainong'oneza ikae kimya kabisa kwa msomaji huyu, kwa yule ipige kelele mapema, kwa mwingine iseme kitu kisichokuwemo. Mtoto wa miaka mitano akiwa ukumbini hafuati skripti. Atatangaza kwamba anataka kwenda chooni. Anayejua kulipokea neno la namna hiyo, akalichekea kidogo na kurudi kwenye hadithi bila kumtia mtoto aibu, jopo linaweka alama pembeni ya jina lake.

Nyimbo ningeziweka faragha, mbele ya piano na mkuu wa muziki tu. Nyimbo za pantomaimu ni zile zinazovuma redioni na za zamani zinazojulikana na kila mtu, na ukiacha Jack na mpenzi wake, hakuna anayehitaji sauti ya ajabu. Kuimba peke yako mbele ya washindani wako hukausha koo ambalo Januari lingekuwa limeshatulia, na hapo jopo linakuwa limepima woga.

Mama yake Jack ndiye nafasi inayogombewa kwa tambo nyingi na kukosewa mara nyingi. Kwa desturi huigizwa na mwanamume, naye huitwa Dame. Ni wa ukoo mmoja na Widow Twankey wa hadithi ya Aladdin, aliyepewa jina hilo, la aina ya chai ya Kichina, katika igizo la H. J. Byron la 1861. Kosa la wasailiwa ni kubana sauti na kukata maringo ili waonekane wanawake. Hadhira haidanganywi wala haitaki kudanganywa. Mchekeshaji Joti akivaa gauni na kilemba, hakuna Mtanzania anayesahau kwamba ni Joti, na kicheko kinatokea humo humo. Dame anayefaa husoma kwa sauti yake mwenyewe na kuwa mama kwa hoja zake: bei ya maziwa, marehemu mume wake, mtoto asiyefanya kazi. Kuna mchezo wa kale ambapo humchagua baba mmoja wa safu ya mbele na kumtangaza kuwa mchumba wake kwa onyesho zima. Ukiujaribu kwenye usaili, usimtazame Dame. Mtazame aliyechaguliwa. Akicheka na kunyoosha mgongo, umempata mtani wa kweli. Akijikunyata kitini, huyo anayesoma atakuletea malalamiko ya familia nzima.

Mwovu ni kinyume chake, naye kwa desturi huingilia kushoto kwa jukwaa, wema wakiingilia kulia. Shida yake na watu wa ridhaa ni kwamba wengi wamekuja ili wapendwe. Mpe aya ya vitisho asome, kisha jopo na wote waliomo wamzomee. Miguu yake itakujibu: kuna anayerudi nyuma nusu hatua akitabasamu kuomba radhi, na kuna anayesogea mbele, akavuta pumzi kama aliyesikia harufu ya pilau, akadai wazomee kwa nguvu zaidi.

Kichimbakazi mwema, yule mwenye mabawa na fimbo ya miujiza, husema kwa mistari yenye vina. Hapa msikilizaji aliyelelewa kwenye mashairi yetu ana sikio la kutosha kukaa kwenye jopo lolote. Anayegota kwenye kila kina kama anayegonga mlango ameua maana. Anayekificha kina ili asikike wa kisasa ameua raha. Jack mwenyewe, kwa desturi iliyokomaa karne ya 19, huigizwa na mwanamke aliyevaa buti ndefu, ambaye hupiga paja kwa kiganja kila anapokata shauri. Siku hizi vikundi vingi humpa mwanamume, lakini palipo na wanawake wengi na wanaume wa kuhesabu, desturi hiyo ya kale inaokoa hesabu: wanaume wachache waliopo wanabaki kwa ajili ya Dame na mfalme.

Kisha ng'ombe wa Jack. Wageni huchukulia kwamba ni adhabu kwa walioshindwa, nami naona ni nafasi ya kiufundi kuliko zote. Ni watu wawili ndani ya ngozi moja: wa mbele anashughulikia kichwa, macho na mdomo, wa nyuma ameinama, amemshika mwenzake kiunoni, haoni kitu. Ngozi haihitajiki kwenye usaili. Unawapanga wawili wawili, unawaambia watembee, wasimame, waketi, wapishanishe miguu, wacheze hatua nne za dansi. Unachokitafuta ni pumzi moja. Urefu wao unahesabika, na mgongo wa yule wa nyuma unahesabika zaidi. Ni lazima umuulize kabla hajainama, kwa sababu ndani ya ngozi kuna joto kali na hakuna pa kujinyoosha. Jozi ikishapatikana haivunjwi, hata mmoja wao akiwa ameomba nafasi nyingine.

Dansi hupita haraka: mwalimu anafundisha hatua chache, safu zinabadilishana ili wa nyuma nao waonekane, na anayetazamwa ni yule anayekosea kisha akaendelea bila kuutangaza msiba usoni. Watoto wana mlango wao, nao unapita kwenye sheria. Uingereza, mtoto anayeshiriki onyesho la hadharani kwa kawaida huhitaji leseni au kibali cha halmashauri, isipokuwa kwa maonyesho machache yasiyozidi kiwango kilichowekwa, na mlezi aliyeidhinishwa hawezi kuangalia zaidi ya watoto 12. Ndiyo maana vikundi vingi huwa na timu mbili za watoto zinazopokezana siku. Idadi ya walezi waliopo huamua idadi ya watoto watakaochukuliwa, kabla hata mtoto wa kwanza hajarusha mguu.

Kampala nako kikundi cha KADS kimeifanya pantomaimu kuwa desturi ya kila mwaka, na mahali ambapo sehemu ya ukumbi haijawahi kuuona mchezo huu, kuna nafasi moja inayopanda thamani: yule mchekeshaji wa kwanza kutoka, rafiki wa Jack, anayewafundisha watu kwamba kila akiingia na kusalimu hivi, wao wajibu vile. Msailiwa wake hana budi apewe kusoma kipande hicho kwa watu wasiojua lolote. Muite mlinzi wa geti na mama wa jikoni waje wakae dakika tano. Wakijibu mara ya tatu bila kuambiwa, kazi imekwisha.

Usiku, wasailiwa wakishaondoka, majina huandikwa kwenye vikaratasi na kusogezwa mezani. Hapa ndipo msomaji bora wa jioni anapoweza kukosa. Jopo linapanga jozi: Dame na mchekeshaji, Jack na mpenzi wake, mwovu na vibaraka wake wawili. Wanaume wawili wanaweza kuwa sawa kwa nafasi ya Dame, na atakayeichukua ni yule ambaye mchekeshaji alicheka naye bila kujilazimisha. Mwingine hupewa mfalme, au zimwi, ambalo mara nyingi ni sauti tu kutoka nyuma ya pazia.

Simu hupigwa kuanzia nafasi kubwa kushuka, moja moja, na ya pili haipigwi mpaka wa kwanza akubali, kwa kuwa mmoja akikataa vikaratasi vyote vinasogea. Ndiyo sababu orodha haibandikwi mlangoni siku ya pili yake, hata watu wakichungulia vipi; Dame bado hajarudisha simu.