Mfereji au Kilango? Tahakiki ya Istilahi Moja ya Biolojia

Nimeletewa tafsiri ya kurasa chache za elimu ya seli, iliyokusudiwa kuwasaidia walimu na watumishi wa afya wanaowaeleza wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Sekenke, Mkoa wa Singida, namna zebaki inavyodhuru mwili. Kiswahili chake ni fasaha, na shabaha yake ni njema. Hata hivyo istilahi moja, ambayo mfasiri ameishikilia tangu mwanzo hadi mwisho, siwezi kuikubali. Nayo ni "mfereji wa kalisi".

Mfereji ni kitu gani? Ni njia iliyochimbwa, ambayo maji hupita humo mchana na usiku bila kuuliza. Kinachozungumzwa katika tafsiri hii ni kinyume cha hayo. Ndani ya seli mna ghala la kalisi lililozungukwa na utando, na katika utando huo zimo protini kubwa zenye tundu linalofunguka na kufungika. Seli inapotulia, kalisi iliyo nje ya ghala, katika majimaji ya seli, haizidi sana nanomoli 100 kwa lita, ilhali iliyomo ghalani ni maelfu ya mara zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha kalisi kuwa ishara. Laiti tundu hilo lingekuwa mfereji, ghala lingekauka, na ishara isingekuwapo.

Wala si kufunguka tu. Mahali nako kuna maana. Mwaka 1883 Sydney Ringer alionyesha kwamba moyo wa chura haupigi sawasawa pasipo kalisi. Leo twajua kwamba katika msuli wa moyo protini hizo zimepangwa zikiukabili utando wa nje kwa umbali wa nanomita 12 hadi 15 hivi, na kalisi kidogo iingiayo kutoka nje huzifungua. Katika misuli ya viungo mambo ni mengine: huko hufunguliwa kwa kuguswa na protini jirani inayohisi badiliko la umeme. Ni jamii moja ya protini, lakini kila mahali pana ufunguo wake. Neno mfereji halibebi hata chembe ya habari hii.

Iko jamii nyingine, inayofunguliwa na inositoli trifosfeti, kemikali ambayo kazi yake hiyo ilitangazwa mwaka 1983. Hii hudai kemikali hiyo pamoja na kalisi kidogo. Kalisi ikizidi, hujifunga. Watafiti wa Cambridge walieleza mwaka 2017 kwamba nyingi katika hizi hutangatanga utandoni, na zinazoitikia ni zile zilizotulia karibu na utando wa nje. Mwaka 2021 wakaonyesha kwamba protini iitwayo KRAP ndiyo inayozifunga kwenye nyuzi za aktini. Wenyewe husema kwamba hizo zimepewa leseni. Mfasiri, labda kwa kuona neno leseni halina hadhi ya kisayansi, ameandika "zilizoruhusiwa". Amepoteza bure! Ruhusa yaweza kutolewa kwa mdomo, kwa yeyote, popote. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa eneo lenye mipaka, na mchimbaji wa Sekenke alijua hivyo kabla ya sisi kumfundisha. (Mfano huu wachechemea kidogo, nakiri: shimo lisilo na leseni huweza kuchimbwa kwa siri, bali protini isiyo na leseni hukaa kimya kweli.)

Sasa zebaki. Hujishikiza kwenye salfa iliyomo katika protini, na tangu mwaka 1983 majaribio ya maabara yameonyesha kwamba metali nzito, zebaki ikiwamo, huifanya kalisi itoke haraka katika maghala ya msuli. Tafsiri yasema: "zebaki hufungua mfereji." Msomaji atauliza, kwani ulikuwa umefungwa? Ingefaa kusema kwamba zebaki hulazimisha kilango kifunguke bila amri. Papo hapo mfasiri ameongeza kwamba hiyo ndiyo sababu ya mikono ya wachimbaji kutetemeka. Hapo amevuka ushahidi, kwa maana zebaki huharibu protini nyingi nyingine pamoja na mishipa ya fahamu. Sentensi hiyo na ifutwe.

Napendekeza basi kilango cha kalisi. Walimu watapinga kwamba watoto wameshazoea milango ya fahamu, yaani macho, masikio na wenzake, na pingamizi hilo ni la haki. Ndiyo maana sikuchagua mlango mtupu. Kilango ni kidogo, hufunguka na kufungwa, na huwa na mahali pake. Kadhalika wanabahari wetu wana mlango wa bahari, yaani njia nyembamba ya kupitia, hivyo maana ya kupita haikosekani. Kwa wingi ni vilango, na upatanisho wake ni mwepesi: vilango vyenye leseni, vilango vilivyofungwa. Kuhusu kalisi na kalsiamu sina ugomvi, mradi mfasiri achague moja. Katika ukurasa wa tatu ametumia zote mbili.