Mtunzi ni Nani? Ushirikiano wa Marafiki katika Kulitia Shairi Muziki

Ikisiri
Makala haya yanahoji mazoea ya uhakiki wa nyimbo za Kiswahili ya kumtafuta mtunzi mmoja. Kwa kuchunguza mstari mmoja uliofanyiwa kazi Songo Songo, pamoja na mfano wa kundi la Siti binti Saad, yanadai kuwa mwanamuziki anayebadili muundo wa lugha ya shairi ni mtunzi mwenza.

1.0 Utangulizi
Songo Songo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, hutajwa zaidi kwa gesi asilia ambayo tangu 2004 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mimi nilikwenda huko kwa jambo dogo: kuyatia muziki mashairi yangu kuhusu uvuvi, nikishirikiana na rafiki yangu mpiga udi, mzaliwa wa kisiwani. Nilibeba tungo zilizokamilika, nikiamini kuwa kilichobaki ni sauti tu. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za utunzi (1954), anashikilia kuwa shairi sharti liimbike. Nilidhani langu linaimbika kwa sababu lilitimiza mizani kumi na sita. Dhana hiyo haikudumu hata jioni moja.

2.0 Mstari Ulivyobadilika
Mstari wenyewe ulikuwa huu:

Mtu mmoja hatoshi, kuvuta jarife zito.

Kila kipande kina mizani nane, na -shi ndicho kina cha kati cha ubeti mzima. Rafiki yangu aliuimba mara tatu, kisha akauacha. Tatizo, alieleza, lilikuwa mwanzoni. Sauti aliyoichagua ilitaka silabi ya kwanza ivutwe, mfano wa wavuta jarife wanaoanza pamoja kwa wito mrefu. Kiarudhi, m ya mtu ni silabi kamili. Lakini haina irabu, na midomo imefumba. Inahesabika, ila haibebi wito. Tena katika kipande hicho silabi za namna hiyo ni mbili. Kumbe mizani ya kuhesabu na mizani ya kuimba si kitu kimoja: ya kwanza huzipa silabi zote uzito sawa, ya pili huuliza kila silabi inaweza kubeba nini.

Akaimba hivi:

Peke yako hutaweza, kuvuta jarife zito.

Nilipinga, kwani kina cha kati kilikuwa kimevunjika. Alijibu kuwa mahali pale udi utaingia, na sikio litapumzika kwenye uzi, si kwenye -shi. Hoja yake ina uzito: kina cha kati ni alama ya pumziko, na ala inapoliweka pumziko hilo, kina kinaweza kulegezwa. Hata hivyo, sikubaliani naye kabisa. Msomaji wa shairi lililochapwa hana udi, na kwake pengo linabaki.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la nafsi. Mstari wangu ulikuwa katika nafsi ya tatu, kauli ya jumla mfano wa methali. Wake uko katika nafsi ya pili. Una mtu unayemwelekea. Sababu ya badiliko ilikuwa ya kifonetiki, lakini tokeo lake ni la kifasihi: wimbo uliacha kufundisha, ukaanza kuonya. Aliyefanya hivyo ataitwa nani, kama si mtunzi?

3.0 Kundi la Siti
Swali hili si geni. Siti binti Saad alirekodi nyimbo Bombay mwaka 1928, na miongoni mwa wenzake katika kundi walikuwamo Subeti bin Ambar na Mbaruk Talsam. Wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert unamchora shujaa mmoja, kama utanzu huo unavyodai. Utafiti wa Laura Fair (2001), uliosikiliza kumbukumbu za watu wa Unguja, unaonyesha sura nyingine: kundi lililokutana, likazungumza habari za mtaa na za mahakama, likazigeuza kuwa nyimbo. "Kijiti", wimbo unaohusu mauaji ya mwanamke na adhabu iliyowaangukia wengine badala ya muuaji, unasomeka vizuri zaidi kama uamuzi wa baraza kuliko kama kilio cha mtu mmoja. Kumtaja Siti peke yake si uongo, lakini kunatufanya tusiulize maneno yalipatanaje na ala.

4.0 Hitimisho
Haifuati kwamba kila mpigaji ni mtunzi. Tunapendekeza kigezo cha kiisimu: ikiwa mchango wake umebadili silabi, pumziko, nafsi au maana, ni mtunzi mwenza; ikiwa umeusindikiza mstari ukauacha ulivyo, ni mpigaji. Kigezo hiki kinahitaji ushahidi, kwa hiyo mhakiki atafute matoleo ya awali ya matini, asiridhike na lile la mwisho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 tayari inatambua utunzi wa pamoja. Uhakiki wetu umebaki nyuma yake.

Nami nilibaki nyuma. Katika karatasi ya onyesho letu la kwanza niliandika jina langu mbele ya neno "Mashairi" na lake mbele ya neno "Udi". Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni bila kusema neno. Siku chache baadaye aliniuliza, kwa upole, kama mstari wa jarife bado ninauimba kwa maneno yangu. Sikuwa nikiuimba hivyo. Karatasi ya pili itakuwa na majina mawili chini ya neno "Watunzi", na mstari utakaochapwa ni wake, pamoja na kina chake kilichovunjika.