Nukta Kumi Nyekundu

Kabla hajashika spana, fundi alifunga shuka kuukuu kwenye matawi ya mjakaranda, juu kidogo ya boneti ya gari langu. Nilidhani anatukinga na jua. Kumbe shida yake ilikuwa maua. Mwezi wa kumi mijakaranda ya Buruburu hudondosha kutwa, na ua moja likitumbukia kwenye tundu la oili linaweza kukaa humo kimya mpaka siku litakapoziba njia.

Gari, Corolla 110 la injini ya 5A, lilikuwa limelala hapo tangu jana yake jioni. Kosa lilikuwa langu, sina wa kumsingizia. Kwa wiki mbili nilikuwa nikiongeza maji ya mfereji kila asubuhi huku nikijipa moyo. Likaja kuchemka Jogoo Road katikati ya foleni. Mshale wa joto niliuona ukipanda, nikasema nitafika tu. Nililetwa kwa kamba.

"Ungezima palepale, mwalimu," fundi aliniambia, bila ukali wowote, "leo tungekuwa tunazungumzia kifuniko cha rejeta."

Alikigeuza kifuniko chenyewe mkononi, akabonyeza springi yake kwa dole gumba. Ilizama kama godoro bovu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na maji ya sufuriani huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Zile 100 tulizofundishwa darasani ni za Mombasa. Injini nayo hupenda kufanya kazi karibu na joto hilohilo. Kinachozuia maji yasitokote ndani yake ni mgandamizo, na mgandamizo unashikiliwa na springi ile. Ikilegea, maji yanageuka mvuke, na mvuke haupozi chuma. Hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini, bloku ni ya chuma, na alumini ikipata moto hutanuka karibu maradufu ya chuma. Vitu viwili visivyotanuka sawa vimebanwa pamoja kwa boliti 10, na katikati yake gasketi ya unene wa milimita moja hivi ndiyo inayoamua moto upite wapi, maji yapite wapi, na oili ipite wapi.

Nilifurahi kuona kwamba hakukimbilia kufungua. Alichomoa plagi nne, akazilaza juu ya kadibodi kwa mpangilio wa silinda zao. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia, kama ilivyo ada. Ya pili ilikuwa nyeupe, safi, kana kwamba mtu ameisugua kwa mchanga. "Hii imekuwa ikinywa maji," alisema. Kisha akafungua kifuniko cha oili akanionyesha upande wa ndani: uji mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo alipomwita kijana wake.

Hedi haifunguliwi ikiwa moto. Ndiyo maana gari lililala. Na hata ikiwa baridi, boliti hulegezwa kuanzia za pembeni kuelekea katikati, kila moja robo mzunguko, kisha unarudi mwanzo. Ukiianza moja ukaimaliza, upande mmoja wa alumini unabaki umebanwa na wa pili umeachiwa, na hedi inapinda mikononi mwako. Kijana alitaka kuruka moja iliyokuwa ngumu. Fundi hakumkemea. Alimwekea tu kidole juu ya boliti ile, akakiacha hapo mpaka kijana alipoirudia.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na tangu hapo wasomi wa dunia nzima wakazoea kuiita kazi ya namna hii sekta isiyo rasmi. Sisi tukasema jua kali, jina linaloeleza angalau mtu amesimama wapi. Lakini hilo la "isiyo rasmi" lilinichekesha siku ile. Ofisi nyingi nilizopanga foleni katika mji huu hazina utaratibu mkali kama wa boliti zile 10.

Waliinua hedi pamoja, wakailaza juu ya mbao mbili. Pistoni tatu zilikuwa nyeusi kama tako la sufuria ya kuni. Ya pili ilimetameta. Mvuke ulikuwa umeiosha masizi yote. Na kwenye gasketi, kutoka ukingo wa silinda hiyo hadi tundu la maji lililo jirani, kulikuwa na mstari ulioungua, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Huo ndio uliosimamisha gari la zaidi ya tani moja.

Ya katikati nitayapitia haraka. Alilaza rula ya chuma juu ya hedi, akajaribu kupenyeza fila, bamba jembamba la kupimia mwanya, chini yake. Kitabu cha Toyota kinaruhusu kupinda kwa milimita 0.05 tu, karibu unene wa unywele mwembamba. Yangu ilikuwa imepita hapo. Ikapelekwa Kariobangi Light kwa mwenye mashine, naye akaambiwa asage kidogo iwezekanavyo, maana alumini iliyosagwa hairudi. Gasketi mpya ilitoka Grogan, jina ambalo watu hawajaliacha ingawa barabara ilishabadilishwa jina zamani kuwa Kirinyaga. Fundi aliipachika juu ya ile ya zamani, akaziinua zote mbili juani. Miale ilipita kwenye kila tundu. Ndipo akaniambia nilipe.

Sasa kukwangua. Mabaki ya gasketi yalikuwa yameng'ang'ania uso wa bloku kama ukoko wa wali. Wapo wanaoyaondoa kwa dakika mbili kwa jiwe la mashine, na nyuso zao zinang'aa kuliko za mtu yeyote. Lakini unga wa jiwe lile huingia kwenye oili, na wiki kadhaa baadaye beringi zinaanza kugonga. Yeye alijaza vitambaa kwenye silinda, akaziba matundu ya maji na oili kwa karatasi za gazeti, akachukua wembe, akaulaza bapa kabisa, akaanza. Kila baada ya mikwaruzo michache alifuta, akafumba macho, akapitisha ncha za vidole. Alipohisi kitu, alirudi. Nilihesabu saa moja na nusu, nikaacha kuhesabu. Jirani alipita akauliza kama gari bado halijaisha. "Bado," alijibu, bila kuinua uso.

Baada ya bloku, alihamia kwenye matundu ya boliti. Hili sikulijua. Maji au oili ikibaki chini ya tundu, boliti inapoingia haina pa kuisukuma. Spana inakwambia imekaza kumbe imekanyaga maji, na bloku yenyewe inaweza kupasuka. Alizungusha kitambaa kwenye spoku ya baiskeli, akakausha matundu yote 10. La mwisho alilirudia mara tatu.

Hakupaka silikoni. Kijana aliuliza kwa nini, maana alikofanya kazi kabla walikuwa wakipaka. Fundi alisema uso ukiwa safi na umenyooka hauhitaji dawa, na usiponyooka dawa haiusaidii.

Kukaza ni kinyume cha kulegeza, kutoka katikati kwenda pembeni. Kwanza kwa spana ya torki, nyutonimita 29 kila boliti. Kisha alitoa chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, akaweka nukta moja kwenye kichwa cha kila boliti, upande wa mbele wa injini, ulipo mkanda. Akakaza tena kila moja nyuzi 90. Nukta zote zikatazama ubavuni. Mzunguko wa mwisho, nyuzi 90 nyingine, aliufanya polepole sana. Ungesikia chuma kikilalamika kwa sauti ya chini. Alipomaliza, nukta 10 zilikuwa zimenipa kisogo, safu mbili, kama watu waliosimama kuswali. Alizitazama kutoka kushoto, akazunguka akazitazama kutoka kulia.

Kisha kamshafti zikarudi, kifuniko cha valvu kikafuata, na rangi ile haikuonekana tena.

Jioni aliwasha. Alikuwa ameweka kulanti, themostati mpya na kifuniko kipya cha rejeta. Alifungua hita ili hewa itoke, akakaa kwenye debe, macho kwenye feni. Mimi nilikuwa tayari nimeshika ufunguo wa nyumba na pesa zake. Hakuzitazama. Shuka lilikuwa limejaa maua ya zambarau, likaning'inia kama chandarua. Feni ikaanza. Akaiacha izime yenyewe. Baada ya muda ikaanza tena, ikazima tena. Ndipo akaomba sabuni, akanawa mikono.