Kuwamba Upya

Kitanda chenyewe nilikiokota, maana shilingi 30,000 kwa kitanda cha mvule si bei. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani kwenye duka la vikorokoro, uchochoroni Mji Mkongwe, Unguja: matendegu manne yaliyokerezwa, mifumbati miwili, vitakizo viwili, na kamba zilizooza zikining'inia kama ndevu. Chote kilipakwa rangi ya mafuta ya kijani.

Bibi jirani alipokiona kinaingia uani aliuliza jambo moja tu: "Hakijaoshewa maiti hicho?"

Nikamwambia sijui. Akaamuru maji ya moto, na sikubishana naye, kwani hata kama hapakuwa na maiti, kunguni hawakosi. Hukaa matunduni na kwenye viungo, na dawa yao ya kale ni maji yanayotokota, kisha jua.

Kijani nilikikwangua kwa kigae cha chupa, kisha nikapiga msasa. Neno hili lina asili yake kwenye mti, msasa, wenye majani yanayokwaruza. Mafundi wa zamani walilainishia mbao kwa majani hayo. Mimi nilitumia karatasi ya dukani. Chini ya kijani ikatokea rangi nyekundu, chini ya nyekundu mvule, na kwenye mvule alama za patasi: mkato mmoja kwenye tendegu, mkato mmoja kwenye ncha ya mfumbati wake, kwingine miwili kwa miwili, mitatu kwa mitatu. Nilikaa nazo muda mrefu. Fundi aliyekiunda alijua kwamba siku moja kitanda chake kitafunguliwa na mtu asiyemjua, akamwachia maelekezo. Hakutumia gundi wala msumari. Misumari niliyoikuta, miwili ya inchi tatu, ni ya mtengenezaji wa baadaye mwenye haraka, na ndiyo iliyopasua tendegu la mchagoni.

Fanicha nyingi tunazouziwa leo, za unga wa mbao uliogandishwa na kufunikwa ngozi ya plastiki, hazina alama za namna hiyo. Zikinywa maji huvimba, na skrubu ikishang'oka haishiki tena. Hazikutengenezwa zifunguliwe. Kwa hiyo ninapopita kwenye vikorokoro huwa nachungulia viungo kabla ya kutazama uzuri. Kinachofunguka nakinunua, hata kikiwa kimechakaa. Kilichopigiliwa nakiacha na urembo wake.

Kamba ilikuwa ghali kuliko kitanda, na sikulalamika. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni miezi kadhaa mpaka yalainike, yakafukuliwa, yakapondwa, ndipo nyuzi zikasokotwa. Ni kazi ya wanawake wa pwani, na ukishaijua utaona haya kuomba upunguziwe.

Kuwamba sikuweza peke yangu. Mzee mmoja fundi alinikalisha upande wa pili nivute. Kamba za urefu kwanza; kisha za upana, juu ya moja, chini ya nyingine, kila mzunguko ukikazwa kwa kijiti na unyayo. Ndipo nilipofahamu kwa nini gundi haikuhitajika: kadiri kamba inavyovuta ndivyo ndimi za mifumbati zinavyozama kwenye matendegu. Ngoma nayo huwambwa, na mzee alikipima kitanda kwa sikio, akipiga kamba kwa kiganja. Nilipotoa kopo la vanishi ya kung'aa, akalitazama na kuniuliza, "Mwanangu, unataka kukilalia au kujitazamia?" Nikapaka mafuta ya kitani, mikono miwili. Ufa wa mchagoni niliuziba kwa kijiti cha mvule, na bado unaonekana.

Wa kwanza kukilalia alikuwa bibi jirani, mchana, bila kuuliza tena habari za maiti.

Mzee alikuwa amebakiza pima mbili za kamba, amezizungushia kitakizo cha miguuni. Nilidhani amesahau kuzikata. Wiki ya pili kitanda kikaanza kubonyea katikati, nikaifungua ile kamba nikavuta. Imebaki pima moja na nusu.