Sinia la Ihanja

Sinia la sikukuu hupangwa kuanzia mwisho. Kama wageni watakaa mkekani saa nane mchana siku ya Krismasi, basi vitumbua havina budi kuepuliwa saa sita, kaimati ziwe zimeingia kwenye shira asubuhi, keki iwe imelala usiku mmoja imefunikwa, visheti viwe na siku mbili, na kashata ziwe zimekatwa tangu siku ambayo mawingu yalikuwa bado mbali. Wanaojua kukaanga ni wengi. Anayejua umri wa kila kitamu kilichoko juu ya sinia, na kipi huharibika kabla ya kipi, ndiye ninayetaka kumsifu hapa.

Ihanja ni kata ya Wilaya ya Ikungi, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kuimega Singida Vijijini. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya alizeti, mtama, karanga na kuku wa kienyeji, inayopata mvua za msimu mmoja tu kwa mwaka. Visheti na kaimati asili yake ni pwani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza pori la Mgunda Mkali, kusini mwa hapa, na watu wa pwani popote walipotua bara walitua na mapishi yao. Nazi haikuweza kuwafuata kirahisi. Hata leo inasafiri karibu kilomita 700 kutoka Dar es Salaam mpaka Singida, na bei yake inaisimulia safari hiyo. Basi kwenye kashata karanga zimeshika nafasi ya nazi, na kwenye karai mafuta ya alizeti yameshika nafasi ya samli. Asali ya nyuki wa mapori ya mkoa huu imepata mahali pake katikati ya sinia, kwenye kibakuli. Mimi naona sinia halikupoteza kitu kwa mabadiliko hayo. Kashata ya karanga za shamba la jirani, zilizokaangwa na kumenywa siku hiyo hiyo, inaishinda kashata ya nazi iliyochoka barabarani.

Mafuta yenyewe yana adabu zake. Alizeti inayokamuliwa kwenye mashine ndogo hutoa mafuta ya rangi ya dhahabu, yenye harufu ya mbegu, ambayo hayajasafishwa kama yale ya kiwandani. Ukiyabandika kwa moto mkali na kutupia unga humo, yanatoa povu, yanafoka na kufuka moshi mapema. Mpishi mzoefu huyapasha kwanza taratibu, moto wa makaa umelegea, anasubiri mpaka povu lote life, kisha anayaacha yatulie kabla ya kuyatumia. Kwa mtazamaji hiyo ni nusu saa ya kukaa bure. Kwa visheti, ndiyo tofauti kati ya ladha ya alizeti na ladha ya moshi.

Unga wa visheti hukandwa mgumu. Mafuta ya moto yanaingizwa kwenye unga mkavu na kusuguliwa kwa viganja mpaka unga uwe kama mchanga mbichi, ukiubana unashikana, ukiuachia unaanguka. Maji huja baadaye, kidogo kidogo. Hapa hakuna haja ya kukanda sana. Unga wa ngano ukikandwa sana unavuta, na kisheti kinachovuta hakivunjiki mdomoni. Wengine hukata vipande vya pembe nne kwa kisu. Wenye subira zaidi huchukua donge dogo, wakalikandamiza kwa kidole gumba juu ya mgongo wa kikwaruzo, kisha wakalikunja, likatoka na mistari kama kombe la baharini. Ile mistari ina kazi, kwa kuwa ndiko sukari itakakojishika. Visheti huingia kwenye mafuta yasiyo makali, maana vinatakiwa kukauka mpaka ndani. Moto ukizidi, nje panaiva na ndani panabaki na unyevu, na kesho yake vyote vimelegea. Mtoto anayesaidia atauliza, "Bibi, bado?" na atajibiwa, "Bado, mjukuu wangu, bado yanalia." Yanayolia ni mafuta. Sauti hiyo ni ya maji yanayotoka kwenye unga. Ikipungua, kisheti kimekauka.

Ila ufundi wenyewe uko kwenye shira, na hapo ndipo ningemwomba msomaji akae kidogo.

Vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, iliki iliyotwangwa, sufuria pana. Ikichemka, maji yanapungua, sukari inazidi kukolea, na joto la mchemko linapanda. Vitabu vya mapishi hutoa vipimo vya joto kwa kila hatua, lakini vipimo hivyo huwa vya usawa wa bahari. Uwanda wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi, si 100. Shira nayo hushuka kwa kiasi kama hicho. Anayefuata kipimo cha kitabu bila kupunguza ataipitisha, igande kabla haijagusa kisheti. Mama wa Ihanja hana haja ya kipimajoto. Anachota kwa mwiko, anaipuliza, anaweka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, anavitenganisha. Tone likikatika, bado. Likitoa uzi mmoja usiokatika upesi, sufuria inaepuliwa hapo hapo. Uzi hupima kiasi cha maji yaliyobaki kwenye sukari, na kiasi hicho hakijali mlima wala bonde. Ni kipimo sahihi kabisa, na kimo kwenye vidole vyake.

Kisha shira inamiminwa juu ya visheti na kazi ya mkono inaanza, kugeuza, kurusha, kugeuza tena bila kuacha. Shira inapopoa huku inasukwasukwa, chembe za sukari zinaanza kujijenga, na ghafla kile kilichokuwa kikimeta kinafifia, kinakuwa cheupe, kinakauka. Visheti vinaanza kugongana kwa sauti ya vitu vikavu. Ukiacha kugeuza mapema unabaki na bonge moja kubwa lililoshikana. Ukianza kugeuza baada ya shira kupoa, sukari inadondoka chini ya sufuria na visheti vinabaki uchi. Nimeona watu wakiangalia hatua hii na kunyamaza.

Kaimati zinataka kinyume chake. Hizo ni za unga laini wenye hamira, unaoumuka mpaka ujae mapovu, unaochotwa kwa vidole na kudondoshwa kwenye mafuta ya moto zaidi, ukavimba na kujigeuza wenyewe. Shira yake lazima ibaki angavu, inate, isigande. Kwa hiyo hapa mpishi anakamua ndimu, matone machache tu. Uchachu wa ndimu hupasua sehemu ya sukari kuwa sukari mbili nyepesi, na mchanganyiko huo hauwezi kujipanga kuwa chembe. Sukari ile ile, sufuria ile ile, na ndimu moja inaamua kama utapata ganda jeupe kavu au utapata mng'ao. Wanawake waliojifunza hili kwa kusimama kando ya mama zao wanalitekeleza bila kukosea, na sioni kwa nini tusiite hiyo elimu.

Kashata huwa mtihani wa aina nyingine. Sukari inayeyushwa kavu, bila maji, na rangi yake ndiyo saa. Ikifika rangi ya asali, karanga zinaingia, nazo ziwe bado na joto, kwa sababu karanga za baridi huigandisha sukari kabla haijazizunguka. Ukichelewa kidogo, rangi inakuwa ya kahawa na ladha inakuwa chungu. Inamwagwa juu ya kibao kilichopakwa mafuta, inasukumwa kwa mti wa chapati, inakatwa ingali ya moto. Hayo yote hayafiki dakika kumi.

Adui wa kashata ni hewa. Sukari iliyoyeyushwa hunyonya unyevu, na mvua za Singida huanza mwishoni mwa mwaka, Novemba au Desemba, hivyo Krismasi huja na hewa iliyobadilika. Kashata ambayo Agosti ingekaa wiki nzima ikivunjika kwa mlio, Desemba inanata kwenye vidole baada ya siku moja mezani. Ndiyo maana hupikwa siku ya jua, ikipoa inapangwa kwenye ndoo yenye mfuniko, karatasi kati ya safu na safu, na haifunguliwi mpaka saa ya kupanga sinia. Idd el-Fitri nayo huhama, siku kumi au kumi na moja nyuma kila mwaka. Mwaka 2024 iliangukia 10 Aprili, mvua zikielekea kuisha. Mpishi anayehudumia nyumba za Kikristo na za Kiislamu anaishi na kalenda mbili pamoja na mawingu.

Keki nitaipita haraka, ingawa inastahili zaidi. Huokwa kwenye sufuria, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, na aliyeizoea hujua imeiva kwa harufu kabla ya kufunua. Vitumbua vya mchele uliolowekwa usiku vinapikwa mwisho, kwa sababu havivumilii kulala.

Sasa kupanga. Kwenye hoteli za mjini utakuta meza ndefu, kila kitamu kona yake, mgeni anazunguka na sahani. Sinia la mkekani haliendi hivyo, maana wanaolizunguka wanakula kila mmoja mbele yake, na kunyoosha mkono kuvuka upande wa mwenzako ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kila upande lazima uwe na kila kitu. Mpishi hugawa sinia kwa macho, sehemu sita au nane kufuatana na watu, na kurudia mpangilio ule ule mbele ya kila mmoja, yaani visheti ukingoni kwa kuwa ni vikavu na vinashika ukuta, keki nyuma yake, kashata zimelaliana, vitumbua ndani. Kaimati hukaa kwenye bakuli lake katikati pamoja na asali, kwa sababu shira ikivuja inalainisha kashata na kuharibu kazi ya siku nzima. Ubuyu wa rangi nyekundu hupewa kikaratasi chake, usije ukapaka rangi keki. Vipande vinakatwa kwa kiasi cha kuchukuliwa na kumalizwa, ili asiwepo wa kurudisha nusu kwenye sinia la wenzake. Ukilitazama kutoka juu unaona ua. Aliyelipanga alikuwa akifikiria haki.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipanda bei nchini baada ya mvua za El Niño kuvuruga uvunaji wa miwa, na masinia mengi yalipungua upana. Wateja waliuliza bei ya sukari, wakauliza ya unga na ya mafuta, wakajumlisha, wakaona wanajua gharama. Hawakujumlisha siku nne za kazi, wala vidole vinavyopima uzi wa shira, wala ndoo iliyofunikwa kabla mvua haijanyesha. Kwa hiyo, msomaji, ukitaka sinia la sikukuu hii, mwagize mama wiki moja kabla, mpe fedha ya vifaa mkononi, na mkubaliane malipo ya kazi yake peke yake, mbali na bei ya sukari.