Nyumba Iliyokosa Mnunuzi Gilgil: Ondoa Shaka Kabla ya Kupaka Rangi

Tuchukue mfano wa nyumba ya mawe, vyumba vitatu, nje kidogo ya mji wa Gilgil. Imetangazwa mwaka mzima. Watu huja, husifu hewa safi, huahidi kupiga simu, kisha kimya. Mwenye nyumba hukimbilia rangi mpya au dalali mwingine. Lakini mtu aliyefunga safari ya kilomita zipatazo 120 kutoka Nairobi tayari alikuwa na hamu. Aliondoka na shaka, na shaka huondolewa kwa ushahidi.

Kwanza, shusha tangazo kwa muda. Madalali watano wakiitangaza nyumba moja kwa bei tano tofauti, mnunuzi huhisi anaibiwa. Baki na wakala mmoja aliyesajiliwa. Kisha wapigie waliowahi kuitazama, uwaulize kilichowazuia.

Pili, maji. Visima virefu vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, na mzazi yeyote wa Nakuru anajua meno ya watoto yanavyogeuka kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Peleka sampuli maabara, na matokeo umwonyeshe mnunuzi hata kabla hajauliza. Kiwango kikizidi, funga mifereji ya paa na tangi la kuvuna maji ya mvua ya kunywa. Fedha hizo zina kazi kubwa kuliko vigae vipya.

Tatu, hati. Fanya upekuzi rasmi wa hati miliki, lipa malimbikizo ya kodi ya ardhi, na mwite mpimaji ahakikishe mawe ya mipaka. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inadai idhini ya mwenzi, ipate mapema. Shamba la kilimo huhitaji pia kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba.

Nne, bei. Mwite mthamini aliyesajiliwa, maana gharama ya kujenga haimhusu mnunuzi. Yeye anahesabu pia ushuru wa stempu: asilimia 4 ndani ya manispaa, 2 nje yake. Muuzaji naye huongeza bei akihofia kodi ya faida ya mtaji, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwezi Januari 2023. Ila nyumba uliyoishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza husamehewa kodi hiyo. Shusha bei mara moja, kwa kiasi kinachoonekana. Kupunguza kidogo kidogo humfundisha mnunuzi kungoja.

Mwisho, rudi sokoni ukimjua unayemtafuta. Mwanajeshi wa kambi ya Gilgil, mwalimu wa shule za bweni na mstaafu anayependa kuwa karibu na Ziwa Elementaita wana maswali tofauti. Piga picha mpya mchana wa jua. Eleza umbali hadi barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, na kama njia hupitika masika.

Rangi ipake baada ya hayo yote. Muuzaji wa Gilgil, kabla hujamlipa fundi rangi, uwe na majibu ya maabara na matokeo ya upekuzi mkononi.