Mazungumzo ya Jioni na Watu wa Viti vya Nyuma

Mwaka huu nimepeleka vijana wa kikundi chetu mara nne kwenye mazungumzo ya jioni kuhusu sanaa na historia, katika jumba moja la sanaa hapa Kampala. Jina la jumba naliacha, maana kasoro nitakazotaja nimeziona hata kwingine. Kuingia ni bure, viti vipo, soda ipo. Kwa kijana anayelala chumba kimoja na watu saba, jioni ya namna hiyo si kitu kidogo. Basi nashukuru kwanza, halafu nikosoe.

Jioni niliyoipenda zaidi ilihusu vitu vilivyorudi kutoka Uingereza. Msemaji alijua kazi yake. Alieleza kwamba Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta vitu 39 kwenye Makumbusho ya Uganda, pale Kamwokya, na kwamba vilikuja kwa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Akarudi nyuma mpaka 1962, mwaka wa uhuru, wakati masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yaliporudishwa kutoka huko huko Cambridge. Akaonyesha picha ya kichwa cha Luzira, kile cha udongo wa kuchomwa, kilichochimbuliwa 1929 na leo kiko London. Ukumbi ulinyamaza kabisa.

Kijana wetu mmoja, wa miaka 17, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Kaka, mtu anakopeshwaje kitu chake?"

Nikamwambia anyooshe mkono. Akanyoosha. Lakini msemaji alikuwa ametumia saa moja na nusu, maswali yakapewa dakika kumi, na maikrofoni haikufika nyuma tulipokaa. Swali zuri kuliko yote ya jioni ile lilipanda teksi pamoja na sisi likarudi Katwe.

Hapo ndipo penye kosa. Swali lile lingefungua mlango mkubwa. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa akakabidhi kinyago kiitwacho Kakuungu, cha watu wa Suku. Nacho kilikuja kwa mkopo, ila wenyewe hauna tarehe ya mwisho. Kama kijana angesikilizwa, Uganda na Kongo zingekutana ukumbini, na sisi tusingekuwa wageni wa kusikiliza habari za wengine. Njiani akaniambia: "Mimi sirudi. Historia ni ya wenye nchi, sisi tunapita tu." Sikuwa na jibu.

Jioni nyingine ilikuwa ya vikapu na mikeka. Tulikwenda na mama mmoja wa Masisi, ambaye anasuka tangu utoto na kwa kazi hiyo hiyo analipa kodi ya nyumba. Kiingereza hakijui, nikawa namtafsiria sikioni. Picha za vikapu zilikuwa nzuri, maelezo yalikuwa marefu. Mama akanigusa bega: "Mtoto wangu, huyu anaongea juu ya kikapu kama juu ya marehemu." Akaanza kunieleza mwenyewe, kwa vidole, namna ya kuanza kitako, na jinsi kikianza vibaya kikapu chote kinakaa upande. Nilijifunza zaidi kwa dakika hizo tano. Lakini nilijifunza mimi peke yangu. Ukumbi haukujua kwamba fundi yuko ndani.

Mtu atasema: hayo ni mambo magumu, yanataka pesa. Si kweli, na Kampala ilishajua kuyafanya. Miaka ya 1948 mpaka 1957 msimamizi wa Makumbusho ya Uganda alikuwa Klaus Wachsmann. Ala za muziki hazikubaki kimya ndani ya makabati ya vioo. Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, aliajiriwa pale apige amadinda mbele ya watu. Kitu na mwenye kukijua walikaa chumba kimoja.

Na huyo Wachsmann alikuwa nani? Alizaliwa Berlin, wa asili ya Kiyahudi, akaiacha Ujerumani Wanazi walipotawala. Jengo lenyewe, lililofunguliwa 1954, lilichorwa na Ernst May, Mjerumani mwingine ambaye hakuweza kurudi kwao kwa sababu ya Wanazi hao hao. Ndiye aliyechora pia mpango wa kupanua Kampala upande wa Kololo na Naguru.

Jumamosi moja nikawapeleka vijana Kamwokya mchana, bila msemaji. Tukasimama nje, nikawaeleza habari za May. Yule wa miaka 17 akauliza: "Alikuwa na kadi gani?" Nikamwambia kwamba wakati wa vita Waingereza walimfunga kambini Afrika Kusini kama adui, kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Akatazama jengo muda mrefu, hakusema kitu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye kumbi, na kwa mashirika yanayotupa nauli: msemaji apewe dakika arobaini, zinazobaki ziwe za watu. Awepo wa kutafsiri kwa Kiswahili na Luganda. Tuanze saa kumi, ili akina mama wafike nyumbani kabla ya giza. Na kama jioni ni ya vikapu, msusi akae mbele, alipwe kama msemaji anavyolipwa.

Na kwetu sisi wenyewe: tuache kukimbilia viti vya nyuma. Hakuna aliyetuweka kule.

Mwezi ujao tunarudi. Kijana amesema atakuja. Swali lake ameliandika kwenye karatasi, na ameniomba tuwahi tupate kiti cha mbele.